Tunatoka Mbeya na watoto, tunataka kuona kasa na kuchungulia matumbawe: twende Desemba au Juni?

MamaWawili_Uyole

Habari za humu wakuu na dada zangu. Mimi nipo Uyole hapa Mbeya, nina watoto wawili, binti yupo la sita na mdogo wake la tatu. Huyu binti tangu aone video ya vitoto vya kasa vinatoka mchangani vinakimbilia baharini hajatulia, kila jioni ni kasa, kachora hadi kwenye jalada la daftari la hesabu. Na mimi mwenyewe nikikaa nikafikiria, umri wote huu bahari nimeiona pale Feri Dar tu nikipita kununua samaki, hata goti sijaingiza. Kwahiyo mimi na baba yao tumekubaliana tuanze kuweka hela pembeni tuwapeleke, sio lazima pawe pa kifahari, gesti ya kawaida yenye maji na chandarua inatutosha kabisa.

Sasa maswali yangu. Wengine wananiambia Zanzibar, wengine Mafia, kipi ni kipi kwa mtu anayetaka kuona kasa wa kweli baharini na siyo picha? Tulipanga Desemba shule zikifunga ila jirani kasema Desemba hakuna kasa wanaoangua, ni kweli? Alafu tunataka ile ya kuvaa miwani na mrija wa kupumulia ukaangalia chini samaki na matumbawe, lakini sisi wote wanne HATUJUI KUOGELEA, huku kwetu mito yenyewe ni ya baridi nani angetufundisha. Inawezekana au tukae tu ufukweni? Naombeni msaada kwa aliyeenda, na njia ya kufika pia kutokea huku nyanda za juu. Asanteni sana.

Mwana_Kihesa

Kamwene dada, na hongera sana, watu wengi huku wana hela ya kwenda ila hawawazi kabisa kwamba bahari nayo ni ya kwao. Mimi nipo Iringa, Mafia nimeenda na familia na ningerudi hata kesho.

Zanzibar kasa wapo, ukienda upande wa Mnemba na Nungwi watu wanawaona, ila boti ni nyingi na kwa Mtanzania wa kawaida gharama zinapanda haraka. Pia kule Nungwi kuna mabwawa ambayo kasa wanafugwa na watu wanaingia kuogelea nao, mwanao atawaona kwa karibu sana ni kweli, lakini mimi roho yangu haipendi, mnyama anapapaswa kutwa nzima na mikono iliyopakwa losheni. Kama lengo ni mtoto aone kasa akiwa kwao, mpeleke Mafia.

Kuhusu Desemba au Juni, hapo ndipo pa kuamua, maana ni safari mbili tofauti. Ukienda Desemba bahari imetulia, ni msimu wa upepo wa kaskazi, maji masafi, unaona mbali chini ya maji, na upande wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi kuna papa potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani ila hana shida na mtu, anachuja tu vijidudu na dagaa. Kasa wakubwa utawakuta kwenye miamba maana wao wanaishi pale mwaka mzima. Ila vitoto kuangua Desemba usitegemee. Msimu wake Mafia kwa kawaida ni kati ya Juni na Septemba, kisiwa cha Juani, upande unaotazama bahari kuu. Unavuka na boti kutoka kijiji cha Utende alafu unatembea kwa miguu kukata kisiwa mpaka ufukwe wa pili.

Sasa angalia bahati yenu: likizo ya katikati ya mwaka ya shule za msingi inaangukia humo humo Juni kuingia Julai mwanzoni. Na kwa sisi wa huku Juni mahindi yameshakomaa, viazi vinauzika, mfuko una kitu. Desemba mtu unawaza mbolea, unawaza ada na sare za Januari. Mimi ningekuwa wewe ningesubiri Juni kwa sababu umesema mwenyewe binti anawaza vitoto vya kasa, hajakutajia papa.

Njia: Mbeya mpaka Dar kwa basi, siku hizi mabasi ya usiku yamerudi kwahiyo unaweza kulala njiani, ila mimi na watoto napendelea ya alfajiri ili waone Kitonga na wanyama wa Mikumi dirishani, hiyo peke yake ni utalii. Mkifika Dar laleni, usilazimishe kuunganisha siku ile ile. Kesho yake mnaenda Mbagala mnapanda gari za Nyamisati, zinapita barabara ya Kibiti mnakata pale Bungu. Nyamisati ndipo boti za Mafia zinapotokea, na kuna kivuko cha serikali MV Kilindoni. Ulizia ratiba mapema maana boti hazifuati saa ya ukutani, zinafuata maji. Ndege ndogo za kutoka Dar zipo pia, ni kama nusu saa tu, ila kwa watu wanne piga hesabu vizuri.

Kutoka Kilindoni mpaka Utende ni kama kilomita 15, lami. Utende ndipo geti la hifadhi ya bahari. Beba kitambulisho cha taifa, raia analipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni, bila kitambulisho utabaki unabishana getini.

Mzee_Jibondo

Mwanangu MamaWawili, mimi nimezaliwa Jibondo, kisiwa cha jirani na hicho Juani anachokitaja kijana, sasa hivi nakaa Mafinga kwa binti yangu. Nimefurahi mno kusoma kwamba mtoto wa Uyole anawaza kasa, naomba nikueleze kidogo umpelekee.

Zamani sisi kasa tulikula. Nyama tulikula na mayai tulifukua, haikuwa siri wala aibu, ndiyo maisha yalivyokuwa. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa 1995, ya kwanza nchi nzima, watu walinuna kwelikweli kwa sababu walioishi humo ndani ni wavuvi. Baadaye likaja shirika la Sea Sense, hao wakafanya jambo la akili, wakachukua vijana wa vijijini kuwa walinzi wa viota. Kijana anaamka kabla ya jua anatembea ufukweni anatafuta alama za kasa aliyepanda usiku, akipata kiota anaandika tarehe, na kama kipo mahali maji yatafika kinahamishwa. Aliyetoa taarifa ya kiota akapata chochote badala ya kuuza mayai. Na mgeni akilipia kuja kuangalia kuangua, sehemu ya ile hela inabaki kijijini. Kwahiyo mkilipa pale msione mnaibiwa, hela hiyo ndiyo inayomfanya kasa awe na faida akiwa hai.

Anayetaga Mafia zaidi ni kasa wa kijani, huyu mkubwa anakula majani ya baharini. Mwingine ni ng'amba, mdogo kidogo, mdomo umechongoka, ndiye mtakayemkuta kwenye matumbawe anadonoa sponji. Jike anataga mayai zaidi ya 100 kwenye shimo moja alafu anaondoka, harudi kuangalia. Yanakaa mchangani kama siku 50 mpaka 60. Mchanga ukiwa wa moto zaidi wanatoka majike wengi, ukiwa wa ubaridi wanatoka madume. Na vitoto vikitoka vinakimbilia penye mwanga, usiku mwanga ni bahari, ndiyo maana mtu akiwasha taa au tochi ufukweni vinapotea vinaelekea nchi kavu vinakufa.

Kwa sababu tarehe ya kutaga imeandikwa, walinzi wanajua kiota kipi kinakaribia na wanawapigia watu simu kwamba njooni kesho jioni. Usije ukafika tu ukategemea. Na mtoto wako mwambie mapema kwamba HAVISHIKWI. Najua atatamani kukibeba kimoja akifikishe majini, kinatia huruma, kinajikokota. Asikibebe. Aache kijikokote chenyewe, kazi yake ni kusimama nyuma ya kamba, kuzima mwanga wa simu na kuangalia. Vingi havitafika ukubwani, ndege wapo, kaa wapo, samaki wapo, na atakayefika atachukua miaka mingi, 20 au 30 au zaidi, ndipo aje kutaga.

Jambo la mwisho na hili ni la uzito. Popote pwani mtu akiwakaribisha nyama ya kasa, kataeni. Siyo kwa sababu ya sheria peke yake. Machi 2024 kule kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watu tisa baada ya kula kasa, wanane kati yao ni watoto. Sumu yake haitoki kwa kupika wala haionekani kwa macho. Nimezika ndugu wa pwani wengi katika maisha haya lakini habari ile ya watoto wanane mpaka leo inaniuma.

Kyela_Kwetu

Shikamoo Mzee Jibondo, shikamoo mama. Hapo kwenye kutojua kuogelea mbona dawa mnayo mlangoni? Kabla ya kupeleka watoto baharini wapelekeni Matema. Kutoka Mbeya unashuka Tukuyu mpaka Kyela, unapita Ipinda unatokea ziwani, unaenda Ijumaa jioni unarudi Jumapili. Nendeni mwezi wa kumi au kumi na moja kabla mvua hazijakolea, maana zikianza kwetu zinanyesha kweli, mito inaleta tope na maji yanakuwa hayaonekani kitu.

Pale kijijini ni mchanga, maji yanaanza taratibu, watoto wajifunzie hapo. Alafu ukienda upande wa mashariki milima ya Livingstone inapokutana na maji, kuelekea Lyulilo, ndipo kuna mawe na kwenye mawe ndipo kuna wale samaki wadogo wa rangi, bluu, njano, milia. Ziwa Nyasa lina aina zaidi ya 500 za samaki na wengi hawapatikani sehemu nyingine yoyote duniani, watu wanatoka Ulaya kuwaangalia na sisi tunaenda kula mbasa na kurudi. Kuna aina mama anatunza mayai na watoto mdomoni, mkae kimya juu ya maji mtaona. Huyo binti wa kasa akivaa miwani pale mara ya kwanza hatataka kutoka.

Tahadhari zangu ni tatu. Msiogelee karibu na mito inapoingia ziwani, mamba wapo, waulizeni wenyeji wawaonyeshe pa kuingia. Kichocho kipo ziwani hasa kwenye majani na maji yaliyotuama, kwahiyo mkirudi baada ya wiki kadhaa nendeni mkapime, dawa ipo na inatibu. Na chandarua, maana nyie wa Uyole mbu wa malaria hamjamzoea, Kyela na huko Mafia ni nyumbani kwake.

MamaWawili_Uyole

Jamani nimesoma yote mpaka nimeita baba yao asome. Mzee wangu shikamoo, nimemsomea binti hiyo ya kutokuvibeba, kanyamaza muda mrefu alafu kauliza "sasa kikipinduka chali?" Naomba umjibu mzee. Na ile habari ya Panza imenishika moyo, Mungu awapumzishe.

Sasa mtu anieleze hicho kifaa chenyewe. Laifu jaketi ukiwa umevaa unaweza kuangalia chini? Na maji yakiingia kwenye mrija unafanyaje? Naogopa kweli huyo mdogo asije akapaniki.

Fundi_Soweto

Dada mimi nipo Soweto hapo Mbeya, nimefanya kazi ya kuongoza wageni majini Zanzibar miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Laifu jaketi unavaa na unaangalia chini vizuri kabisa, unalala kifudifudi juu ya maji, yenyewe inakubeba. Maji ya chumvi pia yanambeba mtu kuliko ya ziwani, kwahiyo mtoto akiweza Matema baharini ataona rahisi. Ila ulizeni saizi ya watoto KABLA ya kulipa boti, na mkanda wa chini upite miguuni au ukazwe, jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa la tatu linapanda usoni.

Miwani: weka usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, ikibaki imeganda hiyo ni saizi yako, ikidondoka tafuta nyingine. Nywele zisiingie kwenye mpira, kwa akina dada wenye rasta mfunge kwa nyuma, na baba yao kama ana sharubu nene maji yataingia kidogo. Isifanye ukungu tema mate ndani sugua suuza, au shampuu ya watoto tone moja.

Alafu kaeni kwenye maji ya kiunoni, simameni, inameni tu uso uingie, pumueni kwa mdomo polepole mpaka mwili uamini kwamba hewa inakuja. Hapa ndipo watu wanaharakisha na ndipo hofu inapoingia. Kaeni nusu saa hapo hata kama mwenye boti anawaharakisha. Maji yakiingia kwenye mrija unapuliza kwa nguvu mara moja, fuuu, yanatoka. Akishindwa ainue kichwa autoe mdomoni, jaketi linamshika, hazami. Huyo mdogo akikataa mwacheni akae kwenye boti, kesho ataomba mwenyewe, msimlazimishe. Miguu isipige kama anaendesha baiskeli, inyooke itoke nyongani. Na mikono isiguse kitu, tumbawe ni kiumbe hai, ukilikanyaga limekufa na wewe umekatwa, na pale chini kuna ile miiba mirefu myeusi ambayo hutaisahau.

Mkimuona kasa msimfukuze. Tulieni juu, yeye anakula zake, kila baada ya muda atapanda kuvuta hewa na atapita karibu yenu mwenyewe. Anayemkimbilia anamuona mkia tu.

Kitu kingine kwa watu wa Mbeya ambacho sijaona kikisemwa. Kama baba yao atashawishika kuzamia kwa mtungi wa hewa, ajue asipande basi la Mbeya siku hiyo hiyo. Mji wetu upo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwili uliotoka kuzamia ukipandishwa juu haraka ile naitrojeni inatengeneza mapovu kwenye damu, ni sawa na kupanda ndege. Apumzike Dar saa 24 ndipo mpande. Kwa mrija wa juu ya maji hakuna shida hiyo, mnaweza kusafiri muda wowote.

Na nguo, achaneni na kubebana na losheni nyingi, vaeni fulana za mikono mirefu za kubana. Mgongo unaungua hata kwa mtu mweusi, tena sana.

Njombe_Ndani

Naongezea kwa wanaotokea Njombe na Songea, siku hizi lami ni mpaka Mtwara kupitia Tunduru na Masasi, na kule Msimbati kuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu 2000. Ufukwe mzuri ajabu na watu wachache. Ila huduma za kukodi vifaa ni chache kuliko Mafia, nenda na miwani yako.

Mzee_Jibondo

Mwambie mjukuu wangu hivi, kikipinduka chali amwite mlinzi wa kiota, yule ameruhusiwa, atakigeuza. Swali zuri sana hilo.

Kijana wa Soweto kasema vyema. Mimi naongeza la maji. Angalieni mwezi kabla ya kupanga siku ya kuingia majini. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na pale mlango wa Kinasi, njia ya kutoka ghuba ya Chole kwenda bahari kuu, maji ya ghuba yote yanapita kwa nguvu, mtu asiyejua kuogelea siyo pake siku hizo. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yametulia, hapo ndipo mpeleke watoto. Juni ni msimu wa upepo wa kusi, huko nje bahari itakuwa imechafuka na hata safari ya Nyamisati mtarushwa, kunyweni dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda siyo baada. Lakini ndani ya ghuba ya Chole mmezungukwa na visiwa na mwamba, kunatulia, watu wanaingia majini mwaka mzima. Nahodha akiwaambia leo hapana, msimbembeleze.

MamaWawili_Uyole

Ndaga fijo wote, asanteni sana. Tumeamua. Desemba tunaiacha, hela ile inaenda kwenye ada. Mwezi wa kumi na moja tunashuka Matema na watoto tukajifunze kupumua na miwani, nimeshamwambia baba yao anyoe sharubu. Alafu Juni shule zikifunga tunaenda Mafia, tunakaa siku za kutosha ili kiota kikichelewa tusikikose. Binti kaanza kalenda ya mwezi ukutani anaweka alama za maji mafu.

Mzee, nikija kupata tarehe naomba niulize hapa tena, kiota kinajulikana muda gani kabla?

Mzee_Jibondo

Kikitagwa tu tarehe inaandikwa, kwahiyo cha mwisho wa Juni kinajulikana tangu mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Ikifika katikati ya Mei piga simu ofisi ya hifadhi pale Utende, waulize viota vya Juani vinavyokaribia, ndipo ukate tiketi ya basi.